Mchi Uliolia Ukiwa Juu

Moshi wa mavi ya ng'ombe una harufu yake, na aliyekulia nayo haisahau. Si harufu mbaya kama mtu wa mjini anavyodhani. Ni nzito, tamu kidogo, kama ya majani makavu yaliyolowa kisha yakaanikwa tena, na inaingia katika nguo, katika nywele, katika ugali wenyewe, hadi ukila unaona kama umekula na zizi. Huko kwetu, upande wa Kagongwa, kuni zilikuwa shida. Wazee walisema zamani palikuwa na pori la kuogopesha, likafyekwa ili mbung'o wafe na ng'ombe wapone. Mbung'o walikufa, miti nayo haikurudi. Basi akina mama waliokota mavi makavu mbugani wakapikia. Bibi yangu Minza, mama yake baba, alikuwa amepikia moshi huo tangu alipoolewa, na nilipoletwa kwake macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha akilia. Hakuwa amelia. Ulikuwa moshi tu. Nalisema hili mapema kwa sababu katika Usukuma wa wakati ule mwanamke mzee kuwa na macho mekundu halikuwa jambo dogo, na wako waliouawa kwa ajili ya macho.

Anayeandika haya ni mtu aliyeishia darasa la nne. Sioni haya kulisema, maana nimewaajiri wengi waliofika mbali kuliko hapo na mishahara yao haijawahi kuchelewa. Leo nina karasha mbili za kusagia mawe ya dhahabu, nina malori, nina nyumba ya wageni pale Runzewe ambayo vyumba vyake hujaa hata masika, na hakuna tofali hata moja nililorithi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyangu nimeviunda kwa mikono hii. Baba alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita nikiwa mdogo, akawa anakuja kama mvua ya kiangazi. Mama akarudi kwao. Mimi nikabaki kwa Bibi. Watu wakiniuliza akili nilizipata wapi, wanangojea niwatajie shimo fulani lililotema dhahabu. Mimi nawatajia kinu cha Bibi, nao hucheka wakidhani nawaficha.

Nilikuwa mtoto wa kuuliza. Kwa nini mwezi unanifuata nikitembea, lakini Bibi aliyeketi haumwachi? Kwa nini maji ya mtungi ni baridi na ya sufuria si baridi, na vyote viwili vimekaa kivuli kimoja? Kwa nini fimbo ya kuswagia ng'ombe nikiitumbukiza lamboni inaonekana imevunjika, nikiitoa ni nzima? Kwa nini paa la bati la duka la Mhindi pale Kagongwa linalia tak, tak jua likizama, na hakuna aliyelirushia jiwe? Hili la mwisho nilimuuliza mwenye duka mwenyewe, mzee mmoja mnene aliyependa watoto kuliko alivyowapenda wanunuzi. Aliweka mita yake ya kupimia vitambaa juu ya meza akaniambia, "Bati nachoma jua kutwa nzima, bwana mdogo. Jioni napata baridi, nanyoosha mgongo. Wewe mgongo yako halii?" Nilikwenda nyumbani nikijinyoosha mgongo njia nzima ili nisikie. Mwalimu wangu, kwa upande wake, alisema maswali yangu ni ya darasa la saba, niyangoje huko. Sikufika huko.

Bibi hakunifukuza hata mara moja. Swali likimshinda alisema, "Hilo bado limelala, ng'wanawane," yaani mwanangu, "tusiliamshe kwa fimbo." Lisipomshinda alilijibu kwa namna yake. Nilipomuuliza kwa nini radi inamulika kwanza ndipo inanguruma, alisema umeme ni mume na ngurumo ni mke. Wametoka nyumba moja saa ileile, lakini mume anatembea mikono mitupu, mke amejitwika mzigo kichwani. Nani atafika kwanza? Nikamwambia basi huyo mume ni mjinga, kwa nini hampokei mzigo? Bibi alicheka hadi akafuta yale macho yake kwa ncha ya khanga. Alisema nikioa nisije nikamsahau mke njiani.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamia vijijini. Kabla ya hapo kila mji ulikaa peke yake ndani ya ua wake wa minyaa, na jirani ulimjua kwa sauti ya ng'ombe wake kuliko kwa sura yake. Sasa tukapangwa kwa mistari. Mstari wetu ulikaa ukingo mmoja wa mbuga, na nyumba ya Bibi ikawa ya mwisho kabisa. Ng'ambo ya mbuga, mbali kama urefu wa viwanja viwili vya mpira, ukapangwa mstari mwingine wa watu tusiowafahamu, waliotoka huku na kule. Katikati hapakuwa na kichaka wala mti, ardhi nyeusi tu iliyopasuka kwa jua. Kwa hiyo ikawa, kwa mara ya kwanza katika maisha ya watu wale wote, mtu anaketi barazani kwake na kumwona mgeni akiishi: akifagia, akikama, akitwanga. Macho yalizoeana kabla ya mioyo. Na kila jioni, jua likiwa limelainika, Bibi alitoa kinu chake nje akatwanga uwele, peke yake, taratibu, mchi ukipanda juu ya kichwa chake na kushuka.

Katika nyumba iliyotazamana na yetu alihamia mtu aitwaye Jilala, na mkewe, na binti yao Holo. Holo alikuwa mdogo wangu kidogo. Baba yake alikuwa amemchongea mchi wake mwenyewe, mwembamba, ajifunze kutwanga na mama yake, na sisi wavulana tulimcheka kwamba anatwanga mbu. Kabla mvua hazijaanza alishikwa na homa, ikawa degedege, na siku ya pili akafa. Kijiji kizima kilivuka mbuga kwenda kuzika. Bibi alibeba unga. Nakumbuka Mama Holo hakulia kwa sauti. Alikaa ameegemea ukuta, akitazama upande wetu kama mtu anayesubiri kuitwa.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika, na Jilala akabaki barazani kwake siku nzima nzima, hana shughuli, macho mbugani. Ndipo alipoona. Mchi wa Bibi ulikuwa ukishuka kinuni kimya, bila mlio wowote. Ukipanda, ukifika juu kabisa, umetulia hewani, ndipo alipousikia: du! Tena unashuka, kimya. Tena uko juu: du! Alimwita jirani, jirani akaona. Walimwita mwingine. Na mtu aliyefiwa na mtoto hakosi maelezo. Wakauliza, kama mchi wa bibi yule unapiga hewa, basi ni mchi wa nani unaopiga kinu? Jibu walikuwa nalo tayari. Walisema Holo hakufa. Walisema amechukuliwa msukule, ametiwa kazini, na kwamba anayetwanga pale ni yeye, ila haonekani.

Mimi nililisikia lamboni, nikinywesha ng'ombe. Kijana mmoja wa ng'ambo, mkubwa kuliko mimi, alisema bila kunitazama, "Wengine bahati zao. Nyumbani kwao wafanyakazi hawali."

"Unamsema nani?" nikamuuliza.

"Muulize bibi yako anatwanga nini. Upepo?"

"Si upepo," akadakia mwenzake. "Kuna anayemtwangia. Na macho yale, Maduhu, unalalaje nyumba moja nayo?"

Nilimpiga, nikapigwa zaidi, nikarudi nyumbani nikiwa na matope hadi masikioni. Bibi hakuniuliza. Alikuwa ameketi na Mzee Luhende, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi, ambaye siku ile hakuwa na mzaha wowote. Alikuwa amekuja kumweleza kwamba Jilala ametuma watu kumleta mganga kutoka mbali, na kwamba angefika baada ya mnada wa ng'ombe. Hakuhitaji kueleza zaidi. Sote tulijua mganga akishamtaja mwanamke mzee nini hufuata, na kwamba wanaofanya huja na mapanga na hawabishi hodi. Alimshauri Bibi aondoke, aende hata kwa baba huko Geita. "Au basi uache kutwanga nje, mama," akasema. "Twanga ndani." Bibi akajibu kwa upole, "Nikitwanga ndani watasema nimemficha. Nikikimbia watasema nimemtorosha. Hapa ndipo penye kinu changu, Luhende." Kisha akainuka, akatwanga.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapostahili kusifiwa na sitangoja mwingine anisifu. Watu wazima wote wa mistari miwili walikuwa wamesikia neno lile. Hakuna aliyekwenda kulipima. Mimi nilikwenda. Kesho yake jioni nilivuka mbuga nikijifanya natafuta ndama aliyepotea, nikasimama nyuma ya zizi la Jilala, nikageuka. Niliona. Wallahi, niliona kama walivyosema. Mchi chini, kimya. Mchi juu, du! Yule alikuwa Bibi yangu, kwa khanga yake ya kijani niliyoifahamu, na mlio haukuwa wake. Nilitaka kukimbia, lakini kukimbilia wapi, na nyumbani ni kule kule? Nikaanza kurudi polepole, macho yangu hayauachi ule mchi, kama mtu anayemkaribia nyoka.

Na nilipokuwa nikitembea, mlio ukaanza kushuka. Sina namna nyingine ya kusema. Kule nyuma ulilia mchi ukiwa juu kabisa. Nilipofika katikati ya mbuga ulilia mchi ukiwa njiani tu, unapanda, haujavuka kifua cha Bibi. Nilipokaribia zaidi ulilia mchi ukianza tu kuinuka. Na nilipofika uani, mchi na mlio vilikuwa kitu kimoja, kama vilivyokuwa siku zote za maisha yangu. Nikarudi kinyumenyume: mlio ukapanda tena. Nikaja: ukashuka. Nilikwenda na kurudi kama mwehu, Bibi ananitazama, anatwanga. Kuuliza si ujinga, na safari ile niliuliza kwa miguu. Halafu nikakumbuka yule mke wa umeme na mzigo wake kichwani, nikapiga kelele peke yangu pale mbugani. Mlio unatembea! Jicho linafika papo hapo maana halikubeba kitu. Mlio unakuja nyuma yake na mzigo wake, na kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo unavyochelewa. Pale kwa Jilala ulichelewa muda uleule ambao mchi wa Bibi uliutumia kutoka chini hadi juu. Laiti wangempangia nyumba mbele kidogo au nyuma kidogo, asingeona neno.

Nilikwenda kwa Mzee Luhende nikihema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Mzee, mchi wa Bibi hauna kosa. Mlio ndio unaochelewa njiani."

"Unachelewa wapi? Umepitia kilabuni?"

"Mzee, radi ikimulika, ngurumo ikaja baadaye, anaitwa nani mchawi?"

Aliacha kucheka. Akachukua fimbo yake, na tukavuka pamoja hadi kwa Jilala. Jilala alikuwa barazani, panga lake kando. Alinisikiliza akamwambia Luhende, si mimi, "Mjukuu wa mchawi ulitaka aseme nini?" Luhende akamjibu, "Mganga utampa ng'ombe, Jilala. Kutembea ni bure. Au miguu yako nayo imerogwa?" Watu wa mstari ule walikuwa wamekwisha kukusanyika, na mwanamume hawezi kukataa kutembea mbele za watu. Akainuka, na panga lake akalichukua.

Tulivuka watu watatu, Bibi akitwanga mbele yetu. Nilimwambia Jilala asitoe macho kwenye mchi. Katikati ya mbuga nilimwona amesimama ghafla. Akarudi hatua kadhaa, akasogea tena. Tulipofika uani mlio ulikuwa umerudi kinuni, na Bibi aliacha kutwanga, akamsalimu mgeni wake kama ilivyo desturi, akamwambia pole tena kwa msiba. Jilala hakuitikia. Aligeuka kwa Luhende akasema kwa sauti iliyokauka, "Ametuona tunakuja. Amelegeza dawa zake."

Hilo sikuwa nimelitegemea, lakini kichwa changu hakijawahi kulala. Nikasema, "Basi atwange Mama Holo kule, wewe umtazame kutoka hapa." Luhende akaitikia kwa kichwa. Jilala akaweka mikono mdomoni akamwita mkewe kwa sauti ya kupasua, atoe kinu, atwange. Tulimwona yule mama, mdogo kama kidole, anakwenda ukutani ambako kinu chake kilikuwa kimelazwa tangu siku ya mazishi. Alikisimamisha. Hakikuwa na nafaka ndani yake. Alitwanga kinu kitupu. Mchi ulishuka, kimya. Mchi ulipanda, na ulipofika juu kabisa tukasikia: ko!

Nilicheka. Nilikuwa mtoto, nilidhani nimeshinda. Lakini nilipomtazama Jilala kicheko kilinifia mdomoni. Alikuwa anamtazama mkewe kama alivyokuwa akimtazama Bibi siku zote zile, na mkono wake ulikuwa umekaza mpini wa panga. Nikaelewa kuwa nilichomwonyesha kingeweza kusomwa namna nyingine, na kwamba badala ya kumwokoa mmoja nimewaweka wawili mbele ya panga moja. Bibi mwenyewe alisogea akasimama mbele yangu. Ni Luhende aliyesema, tena polepole, kama anayeongea na fahali aliyekata kamba: "Jilala, sasa una wachawi wawili, au huna hata mmoja. Fikiri vizuri, ndugu yangu, maana mmoja wao unalala naye kitanda kimoja, na ndiye aliyemzaa Holo." Ko, ikaja tena kutoka ng'ambo. Ko. Jilala akachuchumaa. Panga likalala kwenye vumbi. Alisema neno moja tu, "Nimechoka," akaficha uso katika magoti yake, na mabega yakaanza kutikisika. Mganga hakuja. Luhende alituma mtu amrudishie njiani.

Mama Holo alikuwa ameacha kutwanga na kuvuka kuja kuona kuna nini. Nilimkimbilia nikamweleza yote kwa kiburi changu chote, mlio na mzigo wake, jicho na mikono yake mitupu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo si Holo?"

"Si Holo," nikasema. "Ni mlio wa Bibi tu, umechelewa."

"Siku zote hizi nilikuwa nakaa namsikiliza," akasema. "Jioni ikifika naacha kila kitu. Nasema, alikuwa bado hajazoea, lakini sikia, sasa anatwanga vizuri."

Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia kaburini. Bibi hakumkumbatia, wala hakumwambia basi. Alimwacha alie hadi pumzi ilipomrudia. Kisha akaingia ndani, akatoka na mchi wa pili, akaongeza uwele kinuni, akamnyooshea. Wakatwanga wote wawili katika kinu kimoja, kwa kupokezana, wa huyu ukipanda wa yule unashuka, kama wanawake wanavyotwanga duniani kote palipo na kinu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Jilala aliondoka peke yake kuelekea kwake. Kesho yake Mama Holo alikuja tena, na kesho yake tena, na siku ya tatu Jilala alimwambia Luhende jambo ambalo Luhende alilirudia kila mahali: kwamba sasa, akiwa barazani, mchi na mlio vinapatana. Mchi ukigusa kinu, du. Alisema ni Mungu amerudisha mlio mahali pake.

Haukurudi. Ilinichukua miaka kulitambua hilo, nikiwa mtu mzima, nikingoja baruti zilipuke na nikihesabu kutoka vumbi hadi kishindo. Mlio ulikuwa ukichelewa vilevile. Ila sasa mchi wa Bibi ulipopiga, mlio wake ulifika ng'ambo wakati ambapo ni mchi wa Mama Holo uliokuwa ukipiga. Na wa Mama Holo ulifika wakati wa Bibi. Kila mmoja alikuwa akisikika kwa mchi wa mwenzake. Jilala alikufa hajui, na hata ningelijua mapema nisingemwambia. Bibi naye alikufa kwa uzee wake, juu ya kitanda chake, macho yakiwa mekundu vilevile, na kati ya wanawake waliomwosha Mama Holo ndiye aliyemshika kichwa. Kwa mwanamke wa umri ule, katika nchi ile, miaka ile, kifo cha namna hiyo kilikuwa utajiri.

Siku hizi hakuna anayetwanga. Mashine ya kusaga iko kila mtaa, umeme umefika, na vijana wangu kule machimboni wana simu ambazo ukiziuliza kwa nini mwezi unamfuata mtu zitakujibu kabla hujamaliza swali. Kwa hiyo nilidhani mambo haya yamekwisha. Msimu uliopita mwamba ulitupotea katika duara langu moja, yaani shimo letu la kuchimbia. Mshipa wa dhahabu ulikatika ghafla kama kamba, jambo ambalo kila mchimbaji amelionja. Wakatafuta sababu, wakaipata: bibi mmoja aliyekuwa akituuzia uji pale juu. Macho mekundu. Kuni mbichi, moshi mchana kutwa. Niliwaita wote. Niliwaambia twendeni chini pamoja, niwaonyeshe kwa mkono pale mwamba ulipoteleza, mshipa umehamia upande gani, tembeeni nami, muone kwa macho yenu. Nilisema nikiwa bosi wao, mwenye shimo, mwenye karasha, mwenye mshahara wao mfukoni. Waliangalia chini. Mwishowe mmoja wao, kijana niliyemtoa kwao hana viatu, akasema kwa heshima kabisa, "Bosi, wewe shuka tu. Wewe kila mtu anajua umekingwa. Mali hizi hazikuja hivihivi." Wenzake wakaguna kukubali. Hayo ndiyo malipo ya mtu aliyejiunda mwenyewe: wanaamini kila kitu juu yake isipokuwa kwamba alijiunda.

Jilala alikuwa amemzika mtoto, na panga lilikuwa mkononi, na bado alitembea. Hawa walikuwa wamepoteza mawe. Sikuwaweza. Alfajiri nilimpakia yule bibi na masufuria yake kwenye gari langu, kiti cha mbele, nikampeleka mwenyewe hadi kwa mwanawe huko Mhunze, safari ya mchana mzima, hakufungua mdomo. Tulipofika alishuka, akashusha vyombo vyake kimoja kimoja, akafunga mlango. Kisha aligeuka akasema kitu. Vioo vilikuwa vimefungwa, kiyoyozi kinanguruma. Niliona midomo yake ikienda, sikusikia neno. Nilishusha kioo haraka na kusogeza kichwa nje. Alikuwa amekwisha kunipa mgongo, anatembea kuelekea mlangoni, masufuria kichwani.